Kichwa cha Mama Sindano

Mama Simba hakuwahi kufuga simba wala kumzaa. Jina alipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka kumi na minane kazi yake ilikuwa kuunda simba wa zege, wale wanaokaa juu ya nguzo za mageti ya watu wenye mageti. Alikuwa na simba wa aina tatu: anayenguruma, anayelala, na wa tatu aliyemwita simba wa mwanasheria, ambaye hangurumi wala halali, anakutazama tu mpaka ujisikie una kosa. Huyo wa tatu ndiye aliyependwa kuliko wote.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba: rundo la mchanga, nondo zilizopinda, waya wa kufungia, ndoo zenye ukoko wa saruji usiotoka hata kwa dawa. Mlangoni palikuwa na meza ya mumewe. Mumewe alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini kila mtu aliendelea kumwita Mwalimu, mkewe akiwa wa kwanza. Yeye ndiye aliyeandika oda, akisoma kila karatasi mara mbili kana kwamba anasahihisha mtihani.

Siku moja akaja mwenye kiwanda cha magodoro. Mbele yake watu walimwita Mzee. Akishageuka, Bosi Godoro. Alitaka sanamu ya kusimama kwenye lango la kiwanda, yeye na mkewe, kwa sababu kiwanda walikianzisha wawili, yeye akiwa na mashine moja na mke akiwa na sindano. Mke huyo, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Sindano, alishona foronya za magodoro mia tatu ya kwanza kwa mkono.

"Ila kuna jambo moja," Bosi Godoro akasema, akashusha sauti. "Mke wangu ni mrefu kidogo."

"Nimemwona mjini," Mama Simba akajibu. "Kidogo cha kichwa kizima."

"Sanamu nayo ni lazima iwe hivyo?"

Wakapatana kwamba mzee atasimamishwa juu ya magodoro mawili ya zege. Kila mmoja akatoka pale akiamini ameshinda.

Mama Simba hakuwahi kufanya kazi ya namna ile. Wiki tatu nzima alikwenda kukaa kwenye ukumbi wa kushonea, akimtazama Mama Sindano. Aliona bega la kushoto lililoshuka kwa kuvuta uzi mzito. Aliona kidole cha mwisho kilichopinda, na ule mdomo uliocheka huku umefungwa, kama wa mtu aliyebana pini kati ya meno. Mdomo peke yake ulimchukua siku kumi na moja. Aliukandika, akaubandua, akaukandika tena, mpaka Mwalimu akauliza kama sanamu italazimika kuongea.

Siku ya kusaini mkataba wa kiwanda, Mwalimu akavaa miwani. "Hapa wameandika 'sanamu na haki zake zote.' Haki zipi hizo?"

"Haki ya kunyewa na ndege," Mama Simba akajibu, akasaini.

Sanamu ikasimama langoni, mzee ameweka mkono begani mwa mkewe, mke ameshika sindano, na kazi ikalipwa vizuri, bila longolongo. Kwenye kitako cha sanamu alichonga jina lake kwa herufi za ukubwa wa kiganja: KAZI YA MAMA SIMBA. Bosi Godoro mwenyewe ndiye aliyesema herufi ziongezwe ukubwa. Kwa miaka minne, kila mara alipokuwa na safari ya upande ule, Mama Simba alipita langoni hata kama njia ilikuwa ndefu zaidi, akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Mwaka wa tano, Bosi Godoro akampa mkewe talaka akaoa mwingine. Hilo halikumhusu Mama Simba. Alisema pole, akaendelea na simba wake. Kisha asubuhi moja akapigiwa simu na wifi yake, dada wa Mwalimu, ambaye alifanya kazi ofisi ya kodi iliyotazamana na kiwanda.

"Wifi, sanamu yako inakatwa kichwa."

"Cha nani?"

"Cha mama. Cha baba kipo, na kinacheka."

Mama Simba alitoka na nguo zake za kazi, saruji ikiwa bado mikononi. Alipofika, kelele za mashine ya kukatia zilikuwa zimeshanyamaza. Kichwa cha Mama Sindano kilikuwa ndani ya toroli, kimelala chali, kinalitazama jua bila kupepesa. Juu ya ngazi alisimama fundi aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi Vigae, maana kazi yake ilikuwa kutandika vigae vya bafuni. Chini ya ngazi, Bosi Godoro alikuwa anaelekeza kwa kidole.

"Mzee, umemkata mtu kichwa!"

"Nimekata zege langu," Bosi Godoro akasema, wala hakugeuka. "Nimeoa upya. Unataka wageni waingie hapa wanione nimesimama na mtu niliyeachana naye? Mke wangu atajisikiaje?"

"Kwa nini hukuniita mimi?"

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi."

"Ile ni kazi yangu, mzee."

"Ilikuwa. Nilikulipa, ukasaini. Nikinunua suruali, nikaikata nikafanya kaptura, fundi cherehani atanijia juu?"

Jibu zuri lilimjia Mama Simba, lakini lilimjia jioni akiosha vyombo, kama majibu mazuri yote. Pale alichoweza kusema ni: "Basi nipe hicho kichwa."

"Kichwa ni mali ya kiwanda."

"Mnakipeleka wapi?"

"Jalalani."

"Basi nitakiokota jalalani."

"Na jalala ni la kiwanda," Bosi Godoro akasema, akaingia ndani.

Fundi Vigae akashuka ngazi polepole. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye aibu usoni. "Mama, mimi niliwaambia. Mimi ni mtu wa bafu. Wakasema zege ni zege." Kisha akageuka, akampa mgongo, akaanza kukoroga saruji ambayo tayari ilikuwa imekorogeka. "Na toroli lenyewe," akaongeza, akiiambia ndoo, "mimi sijaliona tangu jana."

Mama Simba akashika mikono ya toroli, akaondoka nalo. Kile kichwa kilikuwa na uzito wa mfuko wa saruji, na gurudumu lilikuwa linalia. Alikatiza mitaa mitano. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka lake aliwasalimia wote wawili. Nyumbani, akakiweka juu ya meza ya Mwalimu.

"Na mimi nitaandikia wapi?" Mwalimu akauliza. Kisha akakitazama vizuri, akaenda kutafuta kitambaa, akakifuta vumbi.

Wiki iliyofuata kichwa kipya, cha mke mpya, kikakamilika juu ya mwili uleule. Tuwe wa kweli: Fundi Vigae alijitahidi. Macho mawili yalikuwepo, ingawa moja lilikuwa linaangalia kiwanda na jingine linaangalia ofisi ya kodi. Pua ilitoka kama bomba. Lakini alipofika kwenye mdomo, akakwama, akarudi kwenye kazi anayoijua. Aliweka meno ya vigae. Vigae vyeupe vya bafuni, vinane juu, vinane chini, vimepangwa kwa mstari ulionyooka sana, na katikati yake amepitisha ile saruji nyeupe ya kuzibia. Jua la saa nne lilipopiga pale, madereva walifumba macho.

Mji ukapata burudani. Watu walikuja kupiga picha wakiwa wamekenua. Kila picha, chini kabisa, ilionyesha herufi za ukubwa wa kiganja: KAZI YA MAMA SIMBA.

Mteja wa kwanza akapiga simu, akauliza kwa adabu simba wake atakuwa na meno ya aina gani. Wa pili hakuuliza, alighairi. Wa tatu alikuja mwenyewe, akazunguka simba wa mwanasheria aliyekuwa karibu kwisha, akamkagua mdomoni kama anayenunua ng'ombe. Mama Simba akamwambia aondoke kabla hajapakwa saruji.

Akarudi kwa Bosi Godoro. Safari hii alimkuta ofisini, amekaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha. Mama Simba alikuwa amejipanga njiani.

"Mzee, sikuombi kichwa. Nakuomba jina langu tu. Lifute pale chini."

"Haiwezekani. Nililipia sanamu ya Mama Simba. Jina likitoka, nitakuwa na sanamu ya mtu asiyejulikana. Thamani inashuka."

"Ulisema mfano wa suruali. Sawa. Umenunua suruali, umeishonea mguu wa tatu, halafu umeacha jina la fundi kiunoni. Watu wanamcheka nani?"

Bosi Godoro akafikiri. "Wanamcheka fundi," akakubali.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo suruali bado ni yangu."

"Na jina langu ni lako pia?"

"Hilo la pale chini, ndiyo. Hilo lingine endelea kulitumia."

Mama Simba akatoka. Kwa siku mbili alipiga zege tu. Siku ya tatu, asubuhi saa nne, wafanyakazi wakiwa kwenye chai, akafika langoni na nyundo, patasi, na kistuli. Hakujificha. Mlinzi alimjua, akadhani ameletwa kurekebisha yale meno, akafurahi mpaka akamshikia kistuli. Mama Simba akaketi, akaanza kugonga. Alianza na SIMBA, maana ndilo lililomuuma zaidi, kisha MAMA. Hakuharakisha. Alipolala kiubavu ili afikie maneno yaliyobaki, Bosi Godoro akatokea mbio, tai imemrukia begani. Kwenye kitako paliandikwa: KAZI YA. Kabla gari la polisi halijafika, mtu alikuwa ameshamalizia kwa chaki jina la mwenye kiwanda.

Kituoni, afande wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye mwandiko wa taratibu. Akafungua kitabu kikubwa.

"Kilichoibiwa?"

"Jina," Bosi Godoro akasema.

"La nani?"

"La huyu."

Afande akamtazama Mama Simba. "Mama, umeiba jina lako?"

"Nimelichukua tu, afande."

"Na kabla ya hapo aliiba kichwa," Bosi Godoro akaongeza.

Kalamu ikasimama. "Kichwa cha nani?"

"Changu," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa Mama Sindano, na nyuma yake Mwalimu akihema. Mwalimu hakumjua mwanasheria hata mmoja mjini, kwa hiyo aliposikia mkewe amekamatwa, alimtafuta mtu pekee ambaye, kwa kadiri alivyojua, Bosi Godoro alimwogopa. Mama Sindano aliinama kidogo kupita mlangoni. Bosi Godoro akakaa wima.

"Shikamoo, afande," Mama Sindano akasema, ingawa afande alikuwa mdogo wake. "Nasikia mnakitafuta kichwa changu."

"Kiko mezani kwetu, dada," Mama Simba akasema. "Lakini nacho ni changu. Nimekiunda mimi."

"Mimi nimezaliwa nacho."

"Na mimi nimekilipia!" Bosi Godoro akadakia.

Afande akafunga macho, akayafungua. "Mzee, tuanze na wewe. Unakitaka hicho kichwa?"

"Sikitaki."

"Basi?"

"Lakini ni changu."

Mama Sindano akavuta kiti, akaketi. Hakupandisha sauti. "Afande, mimi sikusoma sheria. Huyu alinunua zege na kazi. Sawa. Huyu mama akauza kazi yake. Sawa, ni shauri lake. Lakini mimi nilikaa wiki tatu natazamwa kama televisheni, na hakuna karatasi niliyosaini. Sasa naomba kujua: uso wangu nani aliuuza?"

Mwalimu, ambaye alizoea darasa lililonyamaza, alitazama dari.

"Na kama kichwa hakikuuzwa," Mama Sindano akaendelea, "basi na vilivyobaki pale langoni. Lile bega ni langu. Kile kidole ni changu. Ile sindano ni yangu, hajawahi kuishika huyu. Kesho naleta lori, nichukue kiwiliwili changu. Yeye abaki na magodoro yake mawili."

Pengine Bosi Godoro alijiona kwenye lango la kiwanda, peke yake, juu ya magodoro, ameuweka mkono begani mwa hewa.

"Yaishe," akasema.

"Yaishe vipi?" afande akauliza. "Nimeshaandika tarehe."

"Sina malalamiko, afande. Futa."

Afande akafuta kwa rula, taratibu, kisha akamwita Mama Simba pembeni. Mama Simba akadhani anapewa onyo. Afande alitaka kujua bei ya simba anayelala.

Kutoka pale, Mama Sindano alikwenda nao nyumbani kukitazama kichwa. Alisimama mbele ya ile meza kwa muda mrefu, mkoba kwapani. Mwalimu akajipa kazi ya kuchemsha maji.

"Nilikuwa nacheka hivi?" Mama Sindano akauliza.

"Ulikuwa na pini mdomoni. Ndiyo maana nikakufunga midomo."

"Hapana. Sikuwa na pini. Nilikuwa najizuia kucheka. Wiki ile suruali ya mzee ilinaswa na mkanda wa mashine ikachanika, akawa anazunguka ukumbini ameshikilia faili nyuma." Akagusa shavu la zege kwa kidole chake kilichopinda. "Nilikuwa nampenda bado. Hebu ona, mpaka kwenye saruji inaonekana."

Siku kumi na moja Mama Simba alipigana na ule mdomo akidhani anaunda pini.

"Kichukue, dada," akasema mwishowe. "Kweli ni chako."

"Kaa nacho wewe. Mimi ninacho kingine."

Zikapita kama wiki mbili. Simba wa mwanasheria akapata mteja, kisha mwingine. Ndipo alasiri moja mwanamke kijana akasimama mlangoni mwa karakana, amevaa viatu vya kamba visivyopatana na mchanga, miwani ya jua kichwani.

"Hodi. Mimi ndiye Meno," akasema.

Mama Simba hakuelewa.

"Mke wa Mzee. Mji mzima unaniita Meno. Jana daktari wa meno ameniomba picha." Akacheka, na meno yake yalikuwa ya kawaida kabisa, moja limekaa upande. "Mama, mimi sikuomba kuwekwa pale. Niliambiwa ni zawadi. Nilipoiona, nililia ndani ya gari. Naomba unitengenezee kichwa cha kweli, kiwekwe pale pale."

Mama Simba akafuta mikono kwenye aproni. Pesa alizozitaja yule binti zilikuwa nzuri, na miezi ile ilikuwa mikavu. Aliyafikiria mabati yake yanayovuja. Akafikiria pia bega la kushoto.

"Kichwa chako nitakiunda, mwanangu. Lakini sikiweki pale. Ule mwili ni wa mwenzio. Umewahi kushona godoro?"

"Hata kifungo sijui."

"Sasa utasimama pale na sindano ya nini?"

Meno akaketi kwenye mfuko wa saruji, bila kujali sketi. Alifikiri kwa makini, kidevu mkononi, na Mama Simba akajikuta anatazama jinsi kidevu kile kilivyokaa.

"Basi mrudishieni mwenzangu kichwa chake," Meno akasema. "Mimi nitengenezwe na miguu yangu mwenyewe. Niwekwe upande wa pili."

"Na mumeo?"

"Mume wangu niachie mimi."

Mama Simba akampigia simu Mama Sindano kumwomba ruhusa. Mama Sindano akasema kirudishwe, maana nusu ya wafanyakazi wale aliwaajiri yeye. Ila kigeuzwe kidogo kiwe kinaangalia madirisha ya ukumbi wa kushonea, yule baba asiwe mbele ya macho yake kila siku.

"Nitakigeuza," Mama Simba akasema. "Hilo naruhusiwa. Mimi ndiye niliyekiunda."

Mwalimu akavuta karatasi, akavaa miwani, akaandika mkataba kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Mama Simba alisimama nyuma ya kiti chake akiamuru: sanamu ni ya mnunuzi, aiweke atakapo, aioshe, aiuze akitaka. Lakini asikate, asiongeze, asibandike kitu bila mwenye kuiunda kukubali kwa maandishi. Na akiharibu, jina litoke.

Meno akasoma, midomo ikimcheza. Akasoma tena. Kisha akauliza swali ambalo hata Mwalimu hakulitegemea.

"Hii inanilinda mimi pia?"

"Ikulinde na nini?" Mwalimu akauliza.

"Mama, si unamjua mzee. Leo ni mimi." Akaegemeza kiwiko mezani, akaonyesha mstari kwa kucha. "Andika hapa: hata mke huyu akiachwa, kichwa hakikatwi."

Mwalimu akamtazama mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kukubali. Kalamu ikaandika.

"Na shingo," Meno akasema. "Yule fundi alianzia shingoni."

Mwalimu akaongeza shingo.